Leo Fender: Fundi wa redio asiyejua kupiga gitaa, aliyekuwekea besi begani

Fikiria hivi. Ni Jumapili, saa tano asubuhi, ndani ya kanisa la mabati pale Kawangware. Sifa zimepamba moto, kina mama wamefika mbele na vitambaa, na mpiga ngoma ameongeza kasi bila kukuuliza. Wewe uko kwa besi. Unageuka kumwangalia mpiga kinanda ujue wimbo unaelekea wapi, halafu bega lako linakuwa jepesi ghafla. Mkanda umechomoka. Kabla mkono ufike, besi iko chini, na kichwa chake ndicho kimetangulia.

Hiyo ilinipata mimi. Mlio uliotoka kwa spika ulifanya mtoto wa mstari wa mbele aangue kilio. Kigingi kimoja cha kukazia nyuzi kilipinda, na rangi ikabanduka kwenye ukingo. Mbaya zaidi, besi haikuwa yangu. Ni ya jamaa yangu wa Makina, Kibera. Hunikopesha kwa sababu tangu niache chuo, pesa za shoo ndizo hunilipia nyumba, na besi yangu mwenyewe bado sijanunua.

Nilipoikagua, kosa lilikuwa la kitu kidogo kuliko kizibo cha soda. Ule mwiba wa chuma ambao tundu la mkanda hushikilia, wengine huuita kifungo cha mkanda, ulikuwa umelegea. Tundu la mkanda nalo lilikuwa limepanuka kwa uzee. Basi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilijiuliza ni nani aliamua kwamba mzigo wa kilo nne hivi uning'inie kwa vifungo viwili na skrubu mbili. Nikaanza kusoma kwa simu, na hapo ndipo nikakutana na mzee anayeitwa Leo Fender. Jina lake umeliona mara nyingi kwa kichwa cha magitaa, hata yale ya kunakiliwa. Lakini maisha yake je? Kaa hapo nikusimulie, kisha turudi kwa skrubu yetu.

Mtoto wa shamba la machungwa

Clarence Leonidas Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1909, kusini mwa California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa katika eneo la Anaheim na Fullerton. Hakuzaliwa hospitalini wala kwenye jumba. Alizaliwa ghalani, hapo hapo shambani.

Alipokuwa na umri wa miaka minane alipoteza jicho lake la kushoto kwa sababu ya ugonjwa, akawekewa la kioo. Aliishi nalo hadi kufa.

Akiwa kijana wa miaka kumi na kitu, mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimtumia sanduku la vipuri vya zamani. Baadaye Leo alimtembelea, akakuta redio ambayo mjomba ameiunganisha mwenyewe ikinguruma kupitia spika. Mlio ule ulimwingia damuni. Alirudi nyumbani, akaanza kufungua na kufunga redio za watu, na hakuacha.

Sasa ungedhani aliingia chuoni kusomea umeme. La. Alisomea uhasibu. Mambo ya umeme alijifundisha mwenyewe, pembeni, baada ya vitabu vya hesabu kufungwa. Akapata kazi ya uhasibu, akaoa mwaka wa 1934, na kwa muda maisha yakaonekana yamekaa sawa.

Halafu mdororo wa uchumi wa miaka ya 30 ukambisha hodi. Kazi aliyokuwa nayo katika idara ya barabara ya jimbo ikafutwa. Akapata nyingine kwa kampuni ya magurudumu, nayo ikaisha baada ya miezi michache. Karibu miaka thelathini, ana mke, ana jicho moja, na cheti cha uhasibu ambacho hakuna mtu anakitaka. Wewe na mimi tunajua watu wengi hapa mtaani walio na hadithi hiyo hiyo, isipokuwa la jicho.

Mwaka wa 1938 akakopa dola 600, akarudi Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio. Ukitaka kuona duka lenyewe lilivyokuwa, pita Luthuli Avenue uchungulie vile vibanda vyenye redio zilizo wazi matumbo na fundi ameshika chuma cha kulehemu. Ni biashara ile ile.

Fundi anayesikiliza

Wanamuziki wa eneo hilo walianza kumletea vyombo vyao. Huyu amplifaya yake inakoroma, yule gitaa lake la umeme linapiga mluzi kila akiongeza sauti. Leo alizitengeneza, lakini pia aliwauliza maswali. Nini kinakusumbua? Kinaharibikia wapi? Ungetaka kifanye nini?

Na hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza. Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Utotoni aliguswa kidogo na piano na saksafoni, lakini gitaa, hapana. Hata kulitiunga lilikuwa kazi ya mtu mwingine. Huyu ndiye ambaye magitaa yake yamejaa dunia nzima.

Lakini ukifikiria vizuri utaona kutojua huko kulimsaidia. Mtu anayejua kupiga hudhani kila mkono ni kama wake. Leo hakuwa na mkono wa kujivunia, ikabidi awaamini wale wenye mikono. Alitengeneza kitu, akampa mpigaji aende nacho ukumbini wikendi nzima, na Jumatatu akasikiliza malalamiko. Kisha akafungua skrubu na kuanza tena.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alishirikiana na mwenzake, Doc Kauffman, kutengeneza magitaa ya kupakata mapajani pamoja na amplifaya zake ndogo. Kauffman aliogopa madeni, akajitoa. Leo alibaki, na mwaka wa 1946 akaanzisha kampuni yenye jina lake mwenyewe.

Mwaka wa 1950 wakatoa gitaa la umeme lenye mwili wa mbao ngumu isiyo na uwazi ndani. Waliliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba tayari ina ngoma zenye jina linalofanana na hilo, kwa hivyo mwaka wa 1951 likawa Telecaster. Shingo yake haikugundishwa kwa gamu kama walivyofanya mafundi wa zamani. Iliwekwa kwa skrubu nne. Ikiharibika unaifungua, unaweka nyingine, unaendelea na kazi. Mafundi wakubwa waliona hiyo ni seremala anacheza. Shika hiyo habari ya skrubu, tutaihitaji baadaye.

Besi inatoka sakafuni

Kabla ya 1951, mpiga besi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Chombo chake kilikuwa ile besi kubwa ya kusimama, kama fidla iliyokula ikashiba, ndefu kuliko mpigaji. Kuisafirisha ni balaa, wengine waliifunga juu ya paa la gari. Ukifika shoo, ngoma na tarumbeta zinakumeza na hakuna anayekusikia. Shingo yake haina alama za vyuma, kwa hivyo kidole kikikosea kidogo tu, noti imepotea.

Leo alikuwa akiona haya yote kwenye kumbi. Tena aliwaona wapiga gitaa waliotaka kazi ya besi lakini hawakuweza kushika lile dude. Mwaka wa 1951 akatoa jibu: besi ya umeme ya nyuzi nne, yenye vyuma kwenye shingo kama gitaa, na ya kuvaliwa begani. Kwa sababu ya vyuma hivyo noti ilitoka pale pale panapotakikana, ndiyo maana akaiita Precision Bass. Urefu wa uzi kutoka juu hadi kwenye daraja aliufanya inchi 34, na hadi leo hicho ndicho kipimo cha besi nyingi utakazoshika, iwe ya bei ghali au ile ya kopi iliyo kanisani kwenu.

Kulikuwa na tatizo moja. Shingo ndefu ina uzito. Ukiivaa begani, kichwa kinataka kwenda chini. Leo akarefusha pembe ya juu ya mwili, ile inayochomoza kuelekea kichwani, na kuweka kifungo cha mkanda kwenye ncha yake. Kwa njia hiyo mkanda ulishika besi karibu na katikati ya uzito wake, na ikatulia. Angalia picha za magitaa ya leo uone ile pembe. Watu wengi hudhani ni urembo. Ni hesabu ya mkanda.

Hebu fikiria maana yake. Kwa miaka mia kadhaa besi ilisimama juu ya mguu wake, na sakafu ndiyo ilibeba uzito. Kuanzia mwaka huo kazi ya sakafu ikapewa mkanda. Mpigaji akapata uhuru wa kutembea, kucheza, kusogea karibu na mpiga ngoma. Lakini uhuru huo wote ukategemea vifungo viwili vidogo.

Mwaka uliofuata, 1952, Leo alitoa amplifaya ya besi aliyoiita Bassman, maana besi bila spika ya kuistahimili ni kazi bure. Mpigaji Monk Montgomery akazunguka na besi hiyo mpya katika bendi ya Lionel Hampton, watu wakashangaa mlio mzito hivyo unatoka wapi na ile besi kubwa haionekani. Miaka ya 60, kule Detroit, James Jamerson akaitumia Precision kwenye nyimbo nyingi za Motown. Baada ya hapo hakukuwa na kurudi nyuma.

Huku kwetu pia besi ya umeme iliingia, na ikapata makao. Benga bila besi inayoruka ni uji bila sukari. Na ukitaka kujua besi inaweza kubeba wimbo mzima, tega sikio kwa Sina Makosa ya Les Wanyika, rekodi ya hapa Nairobi ya mwishoni mwa miaka ya 70, besi ikiwa mikononi mwa Tom Malanga. Hata mtoto aliyezaliwa miaka ishirini baadaye anaijua ile besi kabla hajayajua maneno. Hakuna harusi ya Kibera ambayo nimepiga na wazee wasiiitishe.

Aliuza jina akidhani anakufa

Mwaka wa 1954 Leo na wenzake walitoa Stratocaster, lenye mwili uliochongwa ili usimkate mpigaji mbavuni, kwa sababu kuna mpigaji aliyelalamika. Mwaka wa 1960 ikaja Jazz Bass yenye shingo nyembamba. Kampuni ilikua, wafanyakazi wakawa mamia.

Lakini mwili wa Leo ulikuwa unamsaliti. Tangu katikati ya miaka ya 50 alisumbuliwa na maambukizi ya bakteria yasiyoisha. Alidhoofika hadi akaamini hana muda mrefu. Akaona afadhali aweke mambo yake sawa. Mnamo Januari 1965 aliuza kampuni kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13.

Halafu akapata daktari mwingine. Daktari huyo akampa dawa kali za kuua bakteria, na Leo akapona.

Soma hapo tena polepole. Mtu aliuza kazi ya maisha yake kwa sababu alidhani anakufa, na kumbe alihitaji dawa sahihi. Pesa alikuwa nazo, hilo hatulii. Lakini jina Fender halikuwa lake tena. Mkataba ulimzuia kushindana na kampuni hiyo kwa miaka kumi. Alikuwa akiona jina la baba yake likitoka kiwandani kila siku, na wanamuziki wakinung'unika kwamba ubora umeshuka, naye hana usemi.

Wengi wetu tungekaa kwa veranda tuhesabu hela. Leo alirudi kwa meza yake. Muda wa mkataba ulipokwisha akajitokeza na kampuni ya Music Man, na mwaka wa 1976 wakatoa besi ya StingRay, ambayo wapigaji wanaililia hadi sasa. Mke wake Esther alifariki mwaka wa 1979. Karibu wakati huo huo alianza kampuni nyingine, G&L, pamoja na rafiki yake wa miaka mingi George Fullerton. Alikuwa na miaka sabini na alikuwa anaanza upya.

Miaka ya mwisho ugonjwa wa Parkinson ulimshika. Kwa fundi, mikono kutetemeka ni adhabu. Bado aliendelea kwenda karakana. Alifariki tarehe 21 Machi, 1991, akiwa na miaka 81. Chumba chake cha kazi pale G&L kilihifadhiwa kama alivyokiacha.

Sasa turudi kwa skrubu

Jumatatu baada ya aibu yangu nilibeba besi hadi kwa fundi mmoja wa redio hapa Kawangware. Hapigi chombo chochote, hata filimbi. Aliitazama, akaniuliza swali moja tu: inachomokea wapi? Nilicheka kidogo, na hakujua kwa nini.

Alichonionyesha unaweza kukifanya wewe mwenyewe. Nunua kufuli za mkanda, wauzaji wa vyombo huziita straploki. Zipo za Schaller, zipo za Dunlop, na zipo za kopi. Kila aina ina kifungo chake na mshiko wake, kwa hivyo usichanganye kipande cha hii na cha ile.

Weka besi juu ya blanketi. Fungua kifungo cha zamani kwa bisibisi inayokaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, usije ukakila. Linganisha skrubu ya zamani na mpya. Kama mpya ni nene, usiilazimishe, mbao itapasuka. Panua tundu kidogo kwa keekee nyembamba kuliko skrubu yenyewe. Kama tundu limelegea, kama langu lilivyokuwa, chovya njiti za kiberiti zisizo na vichwa ndani ya gundi ya mbao, zijaze tundu, ziache zikauke hadi kesho yake, kisha kata zilizochomoza. Toboa katundu kembamba katikati ili skrubu ipate njia iliyonyooka.

Pitisha skrubu kwenye kipande cha sabuni kavu au nta ya mshumaa, itaingia laini. Weka kitambaa kigumu chini ya kifungo ili kisikwaruze rangi. Kaza kwa mkono hadi kitulie, halafu acha. Ukizidisha nguvu utaua nyuzi za mbao ulizotoka kutengeneza.

Upande wa mkanda, pitisha kufuli kwenye tundu la ngozi na, kama ni aina yenye nati, uikaze. Nati hiyo hulegea kwa mtikisiko wa besi, ikague kila wiki. Bonyeza kufuli kwenye kifungo hadi usikie mlio wa kushika. Kisha vaa besi juu ya kitanda na uvute mkanda kwa nguvu, pande zote mbili. Kama itaanguka, iangukie godoro.

Hauna pesa ya straploki wiki hii? Kata duara mbili za mpira wa tyubu ya baiskeli, toboa tundu dogo katikati, na uzisukume juu ya mkanda kwenye kila kifungo. Si kufuli kamili, lakini ni bora kuliko maombi peke yake.

Hakuna hatua hapo inayohitaji cheti. Leo Fender alichagua skrubu mahali ambapo wengine walichagua gundi, na kwa sababu hiyo kijana mwenye bisibisi Kawangware anaweza kutengeneza kitu kilichobuniwa Fullerton kabla babu yake hajaoa.

Alhamisi nilirudisha besi. Nilitembea Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, nikashika Ngong Road hadi Adams, nikakatiza Toi nikiwa na begi mgongoni na hotuba ya kuomba msamaha kichwani. Jamaa yangu hakuisikiliza hotuba. Alitoa besi, akatazama kigingi kilichopinda, akanyamaza. Kisha akaivaa, akainama, akairusha bega huku na huku kama mtu anayetikisa mti wa maembe. Ikashika.

Kigingi nilimlipa kwa awamu mbili. Na Jumapili iliyofuata alinikopesha tena.

Wewe je, yako inashikwa na nini? Kabla ya shoo ya wikendi hii, vuta mkanda uone.